Mshale Umesimama Mia

Mvua ya siku mbili Sohar, mvua ya kuhesabiwa kwa vidole.
Mawadi yameshuka na matope na mbuzi wa watu,
na huku kiwandani, uani, mlima wa chuma chakavu
umekunywa ukashiba.

Nani ajuaye kilichomo ndani ya bomba
lililopondwa midomo yote miwili?
Nusu kikombe. Kikombe cha kahawa, kile kisicho mkono.
Kitie kwenye chuma kilichoyeyuka, nyuzi elfu na mia sita:
maji hayatachemka kwa adabu.
Yatadai nafasi mara elfu na zaidi ya ile yaliyoizoea,
na hayabishi hodi.

Nikasema: kapu halipandi.
Mimi, Ghalya, msimamizi wa zamu ya usiku.
Simu ikalia kutoka ofisini: tani ngapi kwa saa?
Nikajibu. Ikakatwa. Ikalia tena.

Kunjumon akazungusha gurudumu la dohani.
Ile gesi ya tanuri, tuliyozoea kuitupa mbinguni,
imeshachoka lakini bado moto,
tukaipa kazi ya pili: pita humu, katikati ya vyuma.
Joto likaingia. Maji yakatoka.
Mlango wao ni mmoja, wanapishana kwa mabega,
na unyevu wa ndani kabisa, wa kwenye pembe za kutu,
ndio wa mwisho kupata habari.

Kipimo nilikichomeka kapuni mpaka kitovuni.
Thelathini na tano. Sitini. Themanini na nane.
Mia.

Mia.

Mia.

Muhanna, kijana wa juzi, akagonga kioo kwa kidole:
Kimekufa hiki, Bi Ghalya.
Hakijafa. Joto linaingia vile vile, kila dakika,
ila halionekani, maana lote lalipa nauli
ya maji yanayohama.
Mpaka tone la mwisho lipate kiti
mshale hautapanda hata uzi mmoja.

Nikamkumbuka shangazi Shinuna
ndani ya eda yake, Al-Khuwair, pazia la kijani,
miezi minne na siku kumi.
Tulikwenda kwa zamu, na vitumbua,
na porojo za Vuga alizokuwa akizipenda,
na kitukuu cha kupakata.
Alikula. Alisema ahsante. Uso ule ule.
Dada yangu, mlangoni, akitafuta kiatu:
tunajisumbua bure, hakimwingii kitu.
Na mimi nikakubali. Mhandisi mzima!
Eda ikaisha, zikapita wiki tatu nyingine,
ndipo ukasikika ukelele kutoka jikoni:
Nani mwendawazimu aliyenichanganyia hiliki na bizari?
Akatutukana mmoja mmoja, kwa Kiunguja safi,
na sisi sebuleni tukashikana mikono tukilia.

Saa tisa kasorobo: mia na moja.
Sikumwita mtu.
Mia na nne. Mia na tisa. Kisha ukakimbia
kama mwanafunzi aliyesikia kengele.

Kapu likapanda. Tanuri likafunua kifuniko,
tukageuza nyuso, ingawa vioo tumevaa,
maana mwanga ule hukupapasa na mkono hauna.
Chuma kikashuka kwa kishindo chake cha kawaida.

Hakikutokea kitu.

Nikaandika daftarini: Kuchelewa, saa tatu na dakika ishirini.
Sababu: unyevu.
Na pale palipoandikwa Tukio, pana mistari mitano mitupu,
nikaandika: Hakuna.
Ofisini watauliza asubuhi nimewauzia nini kwa saa tatu.
Sina cha kuwaonyesha. Ndicho nilichowauzia.

Kunjumon alikuwa ameshamimina chai ya maziwa.
Akaigusa kwa mdomo, akaguna,
akaimwaga kidogo kwenye kisahani, ikatandaa,
akaipuliza taratibu,
akanisogezea.